Utaondoa Nini Bandani?

Lorraine Pruchnik alikuwa mwoga. Nalisema mapema ili asije mtu akadai nimemficha kasoro. Aliogopa mbwa, aliogopa ngazi, aliogopa barabara ikishaganda barafu, na daktari wa meno ndiyo usiseme. Lakini mimi niliyekaa Wexley miaka thelathini, nikala kwenye meza za watu wote na kufukuzwa na baadhi yao, nawaambieni sijapata kuona hofu kwa mtu mzima kama ile aliyokuwa nayo Lorraine mwezi wa tatu wa mwaka ule, kampuni ya Haldane ilipotaka kulifufua Kestrel.

Kestrel ni gari. Msicheke, wapo wasiojua. Lilitengenezwa hapa hapa Wexley, Michigan, kuanzia mwaka sitini na sita mpaka sabini na nne. Milango miwili, boneti ndefu kama meza ya harusi, silinda nane, na nguvu nyingi kuliko akili ya kijana yeyote aliyekabidhiwa ufunguo. Likinguruma mtaa wa tatu, vikombe vinagongana kabatini. Nililiendesha mara moja, tena nililiendesha vizuri sana. Mti ndio uliokaa vibaya.

Sasa Haldane, baada ya kulizika karibu miaka hamsini, walikuwa wamelichora upya. Na kiwanda cha Wexley hakikuwa na gari lingine la kutengeneza baada ya Desemba. Hilo alilijua kila mtu, hata kinyozi. Ama Kestrel lije, ama makufuli yaje. Zamu mbili, watu elfu moja na mia nane, na mmoja wao ni Delbert, mume wa Lorraine, zamu ya jioni, upande wa kufungia magari milango.

Na aliyetumwa kuwauliza watu kama watalinunua alikuwa Lorraine.

Mtasema, inawezekanaje mke wa mfanyakazi akatumwa kazi hiyo? Kwani mngemtuma nani? Wexley ukimtafuta mtu asiye na ndugu kiwandani utamkuta makaburini, na huyo naye alistaafu huko huko. Halafu Lorraine alikuwa ameifanya kazi ile miaka thelathini na mmoja. Kampuni ikitaka kujua gari litauzika au litaoza, hukodi ukumbi kule Novi, huziba madirisha kwa vitambaa vyeusi, na katikati huweka sanamu ya gari iliyofinyangwa kwa udongo, ukubwa ule ule wa gari lenyewe, ikapakwa rangi mpaka ukaapa ni bati. Milango haifunguki. Vioo ni rangi tu. Watu huitwa kwa barua, hunyang'anywa simu mlangoni, hupewa kahawa na donati, kisha huingizwa mmoja mmoja. Wakitoka kutazama hukaa na Lorraine kwenye meza ndogo, naye huuliza. Siku ya mwisho huandika ripoti, na wakubwa huamua.

Mwaka tisini na nane ripoti yake ya kwanza kubwa ilihusu gari lingine la zamani lililotaka kufufuliwa. Aliandika kwamba wanaume walilipenda hadi wengine wakatokwa na machozi. Wakubwa waliposoma machozi wakaona mauzo. Lilijengwa. Yale magari yalikaa kwenye viwanja vya wauzaji theluji ikayafika madirishani, na baada ya miezi ishirini kiwanda cha Corliss kilichoyajenga kikafungwa. Baba yake Lorraine alifanya kazi Corliss. Mzee hakumlaumu hata siku moja, wala hakuuliza. Alibadilisha tu njia ya kwenda kanisani ili asipite pale getini. Lorraine angefurahi kama mzee angemtukana.

Basi tangu hapo akajitungia swali lake mwenyewe. Hakuuliza tena "unalipenda?" wala "utalinunua?" peke yake. Aliuliza: "Utaondoa nini bandani ili liingie?"

Kwetu Michigan swali hilo halina mzaha. Barabara zetu humwagiwa chumvi miezi mitano ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hula gari mpaka ukaiona lami kupitia sakafuni. Gari la kupendwa halilali nje. Hulala bandani, ubavuni mwa nyumba, penye paa na mlango wa kushuka. Na banda la mtu wa kwetu limejaa siku zote: boti, mashine ya nyasi, pikipiki ya theluji, friji la pili la bia. Kwa hiyo Lorraine aligundua kwamba anayenunua kweli ana jibu tayari. "Naiuza boti," anasema, kabla hujamaliza. Asiyenunua hukuna shingo. Swali lile halikuwahi kumdanganya, na ndiyo maana safari hii alitamani lisingekuwepo.

Siku ya kwanza waliingia wanaume thelathini na nane. Wote walilipenda. Aliyekuwa na jibu la banda alikuwa mmoja.

Lorraine akajiambia ni bahati mbaya. Siku ya pili wakawa wawili. Siku ya tatu akamwita mzee mmoja, Orville Teague, fundi bomba mstaafu wa Saginaw, aliyeizunguka ile sanamu mara nne huku kofia ameishika kifuani kama yuko msibani.

"Bwana Teague, umelionaje?"

Mzee alitoa leso. "Binti yangu, nilipotoka vitani nilishuka basi pale Flint, kaka yangu akaja kunichukua na hili. Rangi hii hii. Hatukuongea njia nzima. Aliendesha tu."

"Utalinunua?"

"Kesho asubuhi!"

"Utaondoa nini bandani ili liingie?"

"Bandani?" Mzee alipenga kamasi. "Bandani kwangu mna nafasi mbili. Moja ni ya mke wangu, hiyo siigusi, nataka kuishi."

"Na ya pili?"

"Ya pili ina Kestrel."

Lorraine aliinua macho. "La zamani?"

"La sabini. Injini nimeishusha na kuipandisha mwenyewe mara tatu."

"Basi hilo litoke?"

"Litoke liende wapi? Kwenye chumvi?" Mzee alimtazama kama aliyeambiwa amlaze mamake barazani wakati wa theluji. "Wewe mama, una roho gani?"

Alipoondoka, Lorraine alizichukua fomu zote za siku tatu akazipekua upya, mikono ikimwenda mbio. Banda lina Kestrel la sitini na nane. Banda lina Kestrel la sabini na moja, halina magurudumu. Banda lina Kestrel mawili, la pili la kunyofoa vipuri. Akaelewa. Waliotuma barua za mwaliko walichukua majina kutoka vyama vya wenye Kestrel la zamani, wakiona hao ndio wanaolipenda kuliko binadamu wengine. Na kweli walilipenda. Lakini nafasi ya Kestrel katika maisha yao ilikuwa imeshakaliwa, na aliyeikalia alikuwa Kestrel. Wale mabwana wenye shahada waliwatafuta Michigan nzima watu ambao hawawezi kulinunua, wakawapata wote, wakawapa na donati.

Mimi ningewaambia bure. Sikuulizwa.

Alikwenda chooni akakaa huko dakika ishirini. Akisema kweli, kiwanda kinafungwa Desemba na Del yuko nje. Akisema uongo, litajengwa, litaoza kwenye viwanja vya wauzaji, kiwanda kitafungwa baada ya mwaka mmoja au miwili, na safari hii atakuwa amefanya akijua. Kila njia aliyoitazama, mwisho wake aliona lile geti la Corliss.

Kesho yake asubuhi alimwandalia Del mayai. Del huingia kazini saa tisa alasiri, kwa hiyo asubuhi ndiyo wakati wao wa kuonana. Nje, gari dogo la Lorraine lilikuwa limefunikwa na theluji mpaka vioo, kama lilivyofunikwa kila majira ya baridi kwa miaka ishirini na miwili, maana bandani kwao mlikuwa na kitu chini ya turubai. Sihitaji kuwaambia ni kitu gani.

"Del, ungekuwa ni wewe umeitwa kule, ungelinunua?"

"Swali gani hilo? Gari lenyewe ndilo litakalonilisha."

"Sikuulizi litakulisha. Nakuuliza, ungeondoa nini bandani?"

Del aliacha kutafuna. Macho yalimtoroka yakaenda kwenye mlango wa banda, yakarudi. Yai lilianza kumteleza kwenye uma.

"Lori," alisema, maana ndivyo alivyomwita nyumbani, "usiandike hilo."

"Nisiandike lipi? Hujasema kitu."

"Hilo ulilolisoma usoni mwangu." Alisukuma sahani. "Andika ishirini kwa mia watalinunua. Nani atakuja kukagua? Wale vijana wa makao makuu hawajui hata upande gani wa bisibisi unaoshikwa."

"Hata wa Corliss hawakukagua."

"Corliss ilikuwa zamani!"

"Baba alikuwa na umri ulio nao wewe leo, Del."

Del aliinuka akavaa koti bila kulifunga, akatoka kwenda kumpangusia gari theluji. Kwa mwanamume yule, hiyo ndiyo ilikuwa namna ya kuomba radhi. Lakini aliipangusa kwa hasira mpaka akavunja kipangusio.

Siku hiyo ya nne, saa sita, Lorraine alipita kwenye chumba cha kungojea. Walikaa humo wake za wale wanaume. Hawakualikwa, walikuja kwa sababu barabara zilikuwa mbaya, na mzee wa miaka sabini haachwi kuendesha peke yake hadi Novi. Walikuwa wakifuma, wakila donati, wakiwasema waume zao. Mmoja, Renita Moseley, muuguzi wa shule kule Ypsilanti, mdogo kuliko wengine, alimwita.

"Dada, na sisi tutaliona lini?"

"Hamna fomu."

"Mume wangu ana fomu. Ana fomu na Kestrel mawili, na jana kanunua mlango wa la tatu. Mimi sina hata moja. Kati yetu nani anahitaji gari?"

Wenzake wakacheka. Lorraine hakucheka. Alijua tayari anachotaka kufanya. Pale ukumbini, kumwonyesha gari la siri mtu asiye na fomu kulikuwa kosa la kufukuzwa siku hiyo hiyo, na aliyewasomea wengine kanuni hiyo kila asubuhi alikuwa Lorraine mwenyewe. Alitazama mlangoni. Mlinzi alikuwa amekwenda kula.

"Njoo. Upesi. Simu acha hapo."

Renita alizunguka mara mbili. Hakulia.

"Viti vinapashwa joto?"

"Sijui."

"Nikirudi nyuma naona, au napapasa kama kipofu?"

"Vioo ni rangi tu, ndugu yangu. Huwezi kuona chochote." Lorraine aliongea kwa kunong'ona, jicho mlangoni. "Niambie. Ungeondoa nini ban..."

"Pikipiki ya theluji. Kaiendesha mara moja, akavunjika kidole. Itoke leo, nitaisukuma mwenyewe."

Lorraine aliandika kwenye mgongo wa fomu, na maandishi yake, ambayo yalikuwa ya kupendeza kuliko yote ofisini, yalitoka kama ya mtu aliye kwenye boti. Kisha akamwingiza wa pili. Mlinzi aliporudi, alikuta wanawake wanne wanatoka wanajifuta sukari midomoni.

"Hawa wametokea wapi?"

"Chooni," alisema Renita. "Unataka kuja kukagua?"

Mlinzi akawa mwekundu, akatafuta kitu cha kutazama darini. Kwa siku tatu zilizobaki, kila saa sita, Lorraine aliwaingiza wengine, jumla thelathini na mmoja, na kila siku alikuwa na hakika hiyo ndiyo siku yake ya mwisho kazini. Alipungua kilo tatu. Mimi nimejaribu kupungua hivyo kwa hiari miaka kumi sasa.

Jumatatu iliyofuata alipanda orofa ya tisa ya makao makuu kumkabili Whit Garrity, aliyekuwa akipanga magari gani Haldane ijenge. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na meno mengi tu. Walikaa sita upande wake wa meza, na Lorraine peke yake upande wa pili.

"Watakaonunua ni watu kumi na tisa," Lorraine alisoma. "Kati ya mia mbili na arobaini."

Garrity alifunua kurasa. "Hapa umeandika mia mbili na sita wanalipenda mno."

"Ndiyo."

"Sabini na mmoja walitokwa na machozi."

"Ndiyo, bwana. Hata wa mwaka tisini na nane walilia."

Mmoja wa wale sita alianza kukunja karatasi vipande vidogo. Lorraine akafika pale alipokuwa amejizuia kufika wiki nzima. Alisukuma mbele fomu zilizoandikwa mgongoni.

"Na hawa ni thelathini na mmoja wengine. Wake zao. Kumi na wanne walinijibu swali la banda papo hapo. Hawakuwa na mwaliko. Niliwaingiza mimi."

"Nani alikuruhusu?"

"Hakuna."

"Unajua ninachoweza kukufanya, Lorraine?"

"Najua. Vitu vya mezani kwangu nimeshavifunga. Viko kwenye gari."

Garrity alicheka kidogo, bila furaha. "Wanawake thelathini na mmoja si utafiti."

"Na wanaume mia mbili na arobaini wenye Kestrel bandani si utafiti pia, bwana Garrity. Ni mkutano wa chama."

Hakujua neno hilo limetoka wapi. Alipolisikia, lilikuwa limeshatoka.

"Basi nambie," Garrity alisema. "Huko juu nipeleke neno gani? Lijengwe au lisijengwe?"

Alikuwa na maneno mawili tu ya kuchagua, na kila moja lilikuwa na nyumba za watu ndani yake. Lorraine alizitazama zile fomu. Alitamani aone pale mbele kitu alichokipenda, lakini aliona kilichoandikwa.

"Nusu," alisema. "Wapo watakaolinunua, wale ambao hamkuwaita. Lakini hawafiki idadi mliyoipanga. Ni nusu yake. Mkijenga zaidi ya hapo, yataoza."

Hakufukuzwa. Hakusifiwa pia. Alirudisha vitu vyake mezani, akangoja siku kumi. Alishtuka kila simu ilipolia. Alhamisi asubuhi kiwanda kilibandika karatasi ubaoni, na Del, aliyeitwa pamoja na wenzake kwenda kuisoma, akampigia.

"Zamu moja," alisema. "Kestrel linakuja, zamu moja tu. Ya mchana. Ya jioni inafutwa."

"Wewe je?"

Kwetu, mwenye miaka mingi kazini akipoteza nafasi yake humsukuma mwenye miaka michache, huyo naye humsukuma mwingine, mpaka wa chini kabisa atoke nje. Chama cha wafanyakazi kiliipigania kanuni hiyo kwa damu, na kila mtu huiona nzuri mpaka siku inapomfikia.

"Nina miaka ishirini na saba, Lori. Nahamia mchana. Nimepewa milango ya upande wa kushoto." Akaongeza kwa sauti ndogo: "Nafasi ya Rudy Lasko. Naye hana wa kumsukuma."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, na Ijumaa ya Kwaresima Wexley yote hula samaki wa kukaanga katika ukumbi wa kanisa la Mtakatifu Kazimiri, pamoja na saladi ya kabichi na maandazi ya viazi ya Kipolandi. Del alisema wasiende mwaka huo. Lorraine alitaka sana kumsikiliza. Lakini alikumbuka baba yake akizunguka mitaa minne kulikwepa geti, akavaa koti.

Walipoingia, sauti ukumbini hazikuzima. Zilipungua tu, kama redio iliyoguswa kidogo. Nyuma ya masinia ya samaki alisimama Bernadine Lasko, mke wa Rudy, aproni imejaa unga, amekuwa akikaangia kanisa samaki tangu alipoolewa. Aliweka vipande viwili kwenye sahani ya Lorraine bila kuinua macho. Lorraine alikwenda kukaa meza ya mwisho. Del alikuwa bado kwenye foleni ya kahawa, na mtu alikuwa amemshika bega akimwambia kitu.

Bernadine alivua glavu, akaja, akavuta kiti mbele yake.

"Ni wewe uliyesema nusu?"

"Ni mimi."

"Na kama ungesema lijengwe walivyotaka?"

"Zamu zote mbili zingebaki. Mwaka, labda miwili. Halafu wangefunga kabisa."

"Una hakika?"

Angeweza kusema ndiyo. Mwanamke yule alikuwa amechoka, angelipokea, na wote wawili wangelala.

"Sina," alisema Lorraine.

"Na kama ungesema lisijengwe?"

"Wangefunga Desemba."

"Hilo nalo huna hakika?"

"Hilo ninalo."

Bernadine alijipangusa unga mkononi, kidole kimoja kimoja. Meza za jirani zilikuwa zimeacha kabisa kujifanya zinakula.

"Rudy anasema anakuchukia," alisema. "Mimi sijaamua. Nitakapoamua utajua, sitakuficha." Aliisogeza sahani mpaka ikamgusa Lorraine kifuani. "Kula. Wakishapoa hawaliki, na mimi sikaangi mara mbili."

Lorraine alichukua uma. Ukagonga sahani, mara moja, mara mbili, na ukumbi mzima ukasikia. Bernadine hakuinuka. Alikaa pale pale, mikono mapajani, akimtazama mpaka alipomeza.